Siku Tano za Mama Yako Maskati

Kilindoni, Mafia
18 Aprili 2026

Mpwa wangu mpendwa,

Huku hatujambo sote. Masika yamekaza, nazi tunaziangua kwa kuvizia jua, na mama yako goti linamsumbua asubuhi tu, likishapata moto anatembea.

Ujumbe wako aliusoma mwenyewe kwenye simu, kisha akaja kwangu niusome tena kwa sauti. Nimeelewa kwamba unataka kumchukua yeye, mumeo na watoto watatu, mwende Maskati mapumziko ya Sabasaba, Jumamosi hadi Jumanne, kwa kuomba ruhusa ya Jumatatu kazini. Mwenyezi Mungu akulipe kheri. Dada yangu amelea watoto wa watu wengi kuliko wa tumbo lake, na safari yake ya mbali kuliko zote ni ya Tanga. Nakuandikia kirefu kwa sababu mji ule niliufanyia kazi ujanani, na mgeni aliyejipanga hupokewa vizuri mno kule, ila aliyekwenda kwa pupa hurudi amechoka na hajaona kitu.

Sabasaba haifai. Mwezi wa saba joto la mchana Maskati hufika digrii 40 na kupita, na usiku halipoi, maana ile milima ya mawe matupu iliyouzunguka mji hunywa jua mchana kutwa na kulitoa gizani. Wenyeji wenye uwezo miezi hiyo hukimbilia Salala, kusini, ambako kuna manyunyu na majani mabichi. Nyinyi mtashinda hotelini mmewasha kiyoyozi, watoto wanagombania simu, mama yako amekaa kitandani anahesabu siku za kurudi.

Ngojeni Desemba. Uhuru, tarehe 9, mwaka huu ni Jumatano. Ukipewa ruhusa ya Alhamisi na Ijumaa unapata siku tano hadi Jumapili, shule zimefungwa, na Maskati hali ya hewa ni ya kutembea: mchana digrii 25 au zaidi kidogo, usiku chini ya 20. Kwa sisi watu wa Mafia hiyo ni baridi, kwa hiyo mnunulie mama yako sweta la maana, si shali ya kupambia mabega.

Kungoja huko kuna faida nyingine, nayo ni karatasi. Pasipoti ya sasa ya Tanzania, hii ya kielektroniki iliyoanza 2018, ni shilingi 150,000 kwa kila mtu, mtoto naye ana yake. Kwa nyinyi wa mjini ni kazi ya wiki chache. Kwa mama yako ni shughuli. Wazee wa huku wengi walizaliwa majumbani bila cheti, na jina lililoandikwa kwenye kitambulisho cha taifa laweza kuwa na herufi isiyokuwepo kwenye karatasi nyingine. Majina yote matatu yawe sawa kila mahali kabla hujalipa hata senti, la sivyo utazunguka na fomu mpaka Desemba ya mwakani. Halafu kuna alama za vidole. Nimeviangalia vidole vya mama yako: kusuka ukili kumevilainisha ncha zote, na ngozi ya kidole gumba cha kulia inang'aa kama kifuu kilichopigwa msasa. Mashine yaweza kuikataa mara ya kwanza na ya pili. Mwandae mapema kwamba atarudia, asije akaona haya mbele za watu akasema basi, safari nimeiacha. Viza ya Omani huombwa kwa mtandao. Iombe pasipoti zikiwa mkononi na zimebakiza miezi isiyopungua sita.

Mama yako avuke kuja kwako siku tatu nne kabla ya ndege. Boti ya Kilindoni kwenda Nyamisati ikishikwa na upepo haina mwenyewe, na mwezi huo kaskazi inakuwa imeanza. Hata bahari ikiwa shwari, kutoka Nyamisati mpaka kwako Mbagala kuna mwendo wa gari, na mtu wa umri wake akishuka hapo anataka kulala, si kupanda ndege. Dawa zake za presha zikae kwenye mkoba wake wa mkononi pamoja na karatasi ya daktari, zisiingie kwenye sanduku. Siku ya kukata tiketi, omba kiti cha magurudumu kwenye viwanja vyote viwili. Huombwa kwa shirika la ndege na hakitozwi. Atakataa, atasema yeye si mgonjwa. Wewe omba tu. Ndege ya moja kwa moja ni mwendo wa saa tano na kitu, na saa za kule ziko mbele yetu kwa saa moja. Taabu haiko angani, iko kwenye zile korido na foleni za kusimama.

Sasa niseme lile lililonifanya nishike kalamu. Nimeona orodha uliyomtumia: ngome, misikiti, makumbusho, maduka makubwa, boti ya pomboo, jangwani, Nizwa, na ndugu nyumba sita. Mwanangu, hiyo ni ratiba ya mtu mwenye miaka thelathini aliye peke yake. Safari hii ipimwe kwa goti la mama yako na kwa usingizi wa yule mdogo wa miaka minne. Asubuhi jambo moja, jioni jambo moja, mchana kulala. Maskati ni mji mrefu, umejinyoosha kati ya milima na bahari kutoka Sibu hadi mji mkongwe, makumi ya kilomita, na treni hakuna. Ukipanga vitu vitatu vya pande tofauti siku moja, mtakula siku yenu barabarani. Jangwa liache, Nizwa iache. Boti ya pomboo usiilipie kabisa: papa potwe wako hapa Kilindoni tangu Oktoba hadi Machi, na wanao hawajawahi kuwaona. Walete likizo hiyohiyo mkirudi.

Fikieni mtaa wa Mutrah au karibu yake. Hoteli za huko si za kifahari sana, lakini mama yako akitoka mlangoni anaikuta bahari, majahazi, na ile njia ya pwani yenye viti ambako jioni familia nzima nzima hupunga upepo. Atajisikia mahali anapopajua. Jumatano mkifika msifanye lolote zaidi ya hilo. Nunueni mishkaki ya barabarani, kaeni ukutani, waacheni watoto wakimbie.

Alhamisi asubuhi mpelekeni Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos. Hapa nisikilize vizuri. Ukumbi mkubwa, wenye lile zulia la tani 21, kazi ya miaka minne, na taa kubwa inayoning'inia chini ya kuba, wakati wa sala ni wa wanaume. Wanawake wana ukumbi wao. Mkienda adhuhuri, mumeo ataliona zulia na mama yako hataliona, na yeye ndiye msusi wa mikeka katika safari yenu. Nendeni saa wanazofungulia wageni, saa 2 hadi saa 5 asubuhi, siku yoyote isipokuwa Ijumaa. Fikeni saa 2. Mpe nafasi asimame pale atakapo kwa muda autakao. Msimharakishe. Najua atainama atazame ukingo ulivyofungwa, na huenda akaanza kuwaeleza watoto mambo ambayo wewe mwenyewe hujawahi kumuuliza.

Jioni, baada ya alasiri, soko la Mutrah. Mchana hufungwa, msiende kugonga milango. Ununue ubani, maana Omani ndiko kwao ubani, unatoka Dhofar. Ule mweupe unaoelekea ukijani ndio bora. Riali moja ya kule ni kama dola 2.6, kwa hiyo bei ya "riali tano" inasikika ndogo mdomoni na ni dola 13 mfukoni. Mpe kila mtoto fedha yake aimalize mwenyewe, na ikiisha imeisha.

Ijumaa iwe ya ndugu. Kule wikiendi ni Ijumaa na Jumamosi, watu wako majumbani, na maduka mengi hayafunguliwi mpaka alasiri. Ila si nyumba sita! Mimi ndiye mkubwa uliyebakiwa naye upande huu na ninasema: nyumba moja. Nitampigia simu mtoto wa marehemu ami yetu, yeye ndiye awaalike wengine wote kwake baada ya sala, mle pamoja, muonane, mama yako aliliwe na kulia. Ukiingia mlango mmoja mmoja, kila nyumba itakuwekea kahawa, tende na halua, kila nyumba itaapa hutoki bila kula, na watakuandalia vitanda ulale. Ni mapenzi, sina shaka nayo, na ndiyo maana huwezi kuyakatalia ukishakaa. Wanao watajua Maskati ni mazulia ya sebule za watu wazima. Lawama zikija, semeni mjomba ndiye aliyepanga hivi. Nitazibeba.

Zawadi ziwe za huku. Mama yako ameshaanza misala ya ukili. Wana kila kitu madukani kwao, lakini wale waliozaliwa huku wakishika ukili wa Mafia utaona nyuso zao.

Jumamosi mapema, kabla ya joto la jua, nendeni soko la samaki la Mutrah, jengo jipya la 2017 lililochorwa na wasanifu wa Norway. Nguru na jodari wamelazwa juu ya meza safi, wakataji wanawasubiri pembeni, na nzi humwoni. Watazame vizuri wanao, maana nasi tuna samaki kama hao, tunachokosa ni mahali pa kuwaweka hivyo. Kisha mji mkongwe: kasri ya Al Alam, ngome mbili za Mirani na Jalali zilizojengwa na Wareno miaka ya 1580, mzitazame kwa chini tu bila kupanda, na Makumbusho ya Taifa iliyofunguliwa 2016, imeelekeana na kasri. Saa moja na nusu ndani inatosha. Jumapili mnafunga mizigo.

Watoto watauliza kwa nini watu wa Asia wanasema Kiswahili. Madereva wa teksi kule ni Waomani wenyewe, na baadhi yao mtawakuta wamezaliwa au kulelewa na wazazi waliotoka Unguja, Pemba na mwambao wetu, kwa hiyo msimsengenye mtu kwa Kiswahili mkidhani hasikii. Lakini swali lao lijibiwe lote. Waambie Seyyid Said, sultani wa Omani, alihamishia makao yake Unguja, na Mafia ikawa chini ya masultani hao, liwali wao akikaa Chole. Waambie pia kwamba mashamba ya minazi wanayoyaona wakija kwetu yalilimwa na watumwa, na kwamba mwaka 1890 kisiwa hiki kiliuzwa kwa Wajerumani pamoja na ukanda wa pwani kwa mark milioni 4, na hakuna aliyewauliza wazee wetu. Watumwa wa Tanganyika walikuja kuwa huru kisheria mwaka 1922. Halafu kuna Wazanzibari wenye asili ya Omani waliokimbia baada ya mapinduzi ya Januari 1964, na baada ya 1970 Sultan Qaboos akawaita warudi Omani kujenga nchi. Walifika na elimu, na ufundi, na lugha hii. Katika ukoo wetu sisi kuna damu ya pande zote mbili za habari hiyo. Sitaki wanao warudi wakijivunia babu mmoja na kumwonea haya mwingine.

Mavazi mnayoyajua, mabega na magoti yafunikwe, hata ya mumeo. Msipige picha za watu bila ruhusa.

Jumatatu nitakwenda ofisi ya Mkuu wa Wilaya kufuatilia cheti cha kuzaliwa cha mama yako. Nitumie picha ya kitambulisho chake ulichonacho, mbele na nyuma, nilinganishe majina. Kazini kwako wakikubali Desemba nijulishe kabla ya mwisho wa mwezi huu, ili nimpigie ndugu yetu wa Maskati mapema, maana naye ana watu wa kukusanya.

Msalimie mumeo, na watoto wabusu. Mama yako anasema sweta liwe la kijani.

Wassalaam,
Mjomba wako