Rehani ya Mkombozi

Sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Kampala huulizwa mara kwa mara tulikipata wapi. Swali hilo halina ubaya, ila katika nchi hii lina uzito wake, kwani kwa miaka mingi Kiswahili kilikuwa lugha ya mwenye bunduki kwenye vizuizi vya barabarani, na wako wazee ambao hata leo wakisikia hodi kwa Kiswahili husita kabla ya kuitika. Kwa kawaida tumekuwa tukijibu kwamba tulikisomea chuoni. Jibu hilo ni nusu ya kweli. Nusu ya pili hatujapata kuiandika, na tunaiandika sasa kwa kuwa mwaka huu imetubidi kuamua jambo ambalo kamusi haikuweza kutusaidia.

Tulizaliwa Nateete mwaka 1980. Mwaka mmoja kabla yake, tarehe 11 Aprili 1979, majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni yaliutwaa mji wa Kampala, na serikali ya Idi Amin ikaanguka. Watu waliwaita askari wale bakombozi, yaani wakombozi, na siku zile za mwanzo neno hilo lilitoka moyoni. Mama yetu alikuwa msichana auzaye chai na mihogo karibu na kambi yao. Askari mmoja, kijana wa upande wa Bukoba, alikuwa akinywa chai kwa mkopo. Kwa mazungumzo ya chai hiyo mama alijifunza Kiswahili, na baada ya muda tukapatikana sisi. Mwaka 1981 jeshi lilirudi kwao. Baba aliacha kipande cha karatasi ya daftari chenye jina lake na jina la kijiji chake, akaahidi kuandika barua. Barua haikufika.

Msomaji asiyeijua Buganda huenda akaona jambo hili ni la kawaida, maana vita vingi huacha watoto. Lakini kwa Baganda mtoto hupata ukoo kwa baba yake, na kwa ukoo hupata jina, mahali pa kuzikwa, na mzio wake, ambao wao huuita omuziro. Asiye na baba hana mlango wa kuingilia katika mambo hayo. Babu mzaa mama alitupa jina la ukoo wake, jambo ambalo mila haikumruhusu, akawasihi ndugu zake wanyamaze. Watu wazima walinyamaza. Watoto wa shule hawakunyamaza. Walituita mtoto wa mkombozi, na wakati huo neno lilikwisha kupoteza heshima yake. Tulipofikia kuolewa, siku ya kwanjula, ambapo bibi arusi husimamiwa na ssenga, yaani shangazi, dada wa baba, sisi tulisimamiwa na ssenga wa kuazima, jirani mwenye moyo mwema. Kila mgeni alijua, wala hakuna aliyesema.

Mwaka jana tulihudhuria mkutano wa walimu, tukaketi karibu na mwenzetu aliyetoka Kagera. Tulimtajia jina lile na kijiji kile kama mtu aulizaye bei ya kitu asichokusudia kukinunua. Baada ya miezi mitatu simu ililia usiku. Aliyepiga alisema yeye ni mtoto wa mzee fulani.

"Shikamoo, dada," alisema. "Mzee yupo. Amepita miaka sabini, na macho yamemwacha. Anasema kama wewe ndiye yule mtoto wa Nateete, anaomba aisikie sauti yako kabla hajaondoka duniani."

Sisi ambao kila mwanzo wa mwaka wa shule huanza kazi kwa kuwafundisha watoto kuitika marahaba, siku ile hatukuweza kuitika.

Tangu usiku huo hatukuwa na raha. Wahenga walisema udugu wa nazi hukutania chunguni: nazi zilizoangukia shamba hili na lile hazijuani mpaka zikunwe na kutiwa katika chungu kimoja, na ndivyo walivyo ndugu wanaotafutana wakati wa shida tu. Kwa nini sasa? Alipokuwa na macho hakuja kututazama. Kutoka Bukoba hadi Kampala, kwa njia ya Mutukula na Masaka, ni mwendo wa yapata kilomita 300, na mabasi yapo. Karo yetu yote mama aliilipa kwa chai ileile. Isitoshe, yawezekana kwamba kinachotafutwa ni mshahara wa mwalimu, ingawa watu wa Bukoba hawaujui udogo wake.

Lakini wahenga haohao walisema mkataa kwao mtumwa. Tulizipima methali hizo mbili kwa majuma mengi, tukatambua jambo ambalo hatujapata kuwaambia wanafunzi wetu: methali haikati shauri. Humpa kila mmoja wa wanaoshindana silaha yake, kisha ikakaa pembeni.

Kilichotusaidia kidogo ni neno lenyewe. Kukomboa si kuweka huru tu. Mtu aliyeweka kitu rehani hukikomboa kwa kulipa deni, na asipolipa kitu hubaki kwa mwenye duka. Baba yetu aliikomboa nchi, na hilo hatumnyimi; wenzake wengine walizikwa katika vita ile. Ila aliacha rehani moja Nateete. Tulijiuliza kama rehani inaweza kwenda yenyewe kumtafuta aliyeiweka, na kama ikienda, ni nani atakayekuwa amelipa.

Tuliyemwogopa zaidi ni mama. Tulikwenda kwake Jumapili moja, tukamweleza yote. Alikuwa akimenya matoke, akaendelea kumenya. Kisha alitujibu kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuwa amesema nasi tangu utoto wetu, Kiswahili chake cha kambini kisichojua ngeli.

"Mimi nilimsamehe zamani, nilitaka kulala. Ile yako mimi hapana jua. Kama unaenda, enda. Kama unabaki, baki. Lakini usifanye kwa sababu ya mimi."

Hatukumsahihisha. Baadaye akacheka, akasema: "Ukimkuta, mwambie chai ya mwezi wa mwisho hajalipa." Akaingia ndani, akatoka na karatasi ile ya daftari, imefungwa katika nailoni. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa nayo.

Tumeamua kwenda, likizo ya Desemba. Hatuendi kutafuta ukoo, kwani jina alilotupa babu tutazikwa nalo. Hatuendi kutafuta malezi, maana umri wa kulelewa umepita. Tutabeba sukari na majani ya chai, kama mgeni yeyote, na tutauliza swali moja: kwa nini barua haikuandikwa. Akijibu, tutaketi tumsikilize. Akinyamaza, tutamwamkia na kurudi kwa basi la kesho yake. Swali hilo haliwezi kujibiwa na mtu mwingine, na mwenye jibu amekwisha kuzeeka.

Twaona yafaa tuwaachie walimu wenzetu neno moja la kazi. Katiba ya Uganda iliporekebishwa mwaka 2005 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kwa hiyo watoto wengi zaidi watapita mikononi mwetu, na mojawapo ya insha tunazowapa mapema ni "Baba Yangu". Katika kila darasa yuko mtoto mmoja au wawili wanaokaa na karatasi tupu. Tumeibadili insha hiyo darasani kwetu. Siku hizi huitwa "Mtu Aliyenilea", na karatasi tupu zimepungua. Sisi wenyewe, mwaka 1991, tulipewa insha ya baba kwa Kiingereza. Tuliandika kwamba baba yetu ni rubani, na kwamba kila Jumamosi hupita juu ya nyumba yetu akatupungia mkono. Mwalimu alitupa 18 kwa 20, akaisoma mbele ya darasa zima.