Gwarama: Mji Mdogo Wenye Kumbukumbu Kubwa

Mama mpenzi msomaji, ukifika Gwarama siku ya soko utaona maharage, mahindi na muhogo mkavu umeanikwa juu ya maturubai, na akina mama wakisalimiana kwa kupiga makofi taratibu, "Mwakeye!" Utadhani mji huu umekuwapo siku zote. Mimi nilidhani hivyo, hadi nilipomkuta bibi mmoja aliyemsindikiza mjukuu wake kliniki.

Zamani Waha hawakuishi kwa kujipanga barabarani. Kila mji ulikuwa peke yake, katikati ya migomba yake. Katika miaka ya 1930 ugonjwa wa malale, unaoletwa na mbung'o, uliwashika watu wengi wa Buha. Serikali ya Waingereza ikawakusanya watu wa sehemu nyingi, hasa upande wa Kibondo, wakae pamoja na kufyeka pori ili mbung'o wakose maficho. Kama muuguzi najua malale yasipotibiwa huua, kwa hiyo kazi ile iliokoa maisha. Lakini pia iliwatenga watu na makaburi yao.

Mwaka 1972 ilianza Operesheni Kigoma, na watu wakahamishwa tena, safari hii kwenda vijiji vya ujamaa. Nyumba zikapangwa karibu na barabara, shule na duka. Ndivyo vituo vingi vya biashara vya nyanda hizi vilivyokua. Gwarama, iliyokuwa Wilaya ya Kibondo, tangu mwaka 2012 ni kata ya Wilaya ya Kakonko.

Nilipokuwa nikijaza kadi ya yule binti mjamzito, niliuliza kama kawaida, "Umezaa mara ngapi? Walio hai ni wangapi?" Bibi akadhani namwuliza yeye. Akajibu, "Saba, mwanangu. Sita wako hai. Mmoja tulimwacha kule kwenye mji wa zamani tulipohamishwa. Sasa ni pori."

Kalamu ilisimama. Nikamwuliza jina la mtoto. Akanitajia, kisha akasema, "Hakuna aliyewahi kuniuliza." Kila kiangazi, aliniambia, huenda na jembe kupalilia mahali pale. Mjukuu wake alikuwa akisikiliza huku machozi yakimtoka. Hakujua kama alikuwa na baba mkubwa mwingine. Kabla ya kuondoka alimwomba bibi wafuatane kiangazi kijacho, akishajifungua.

Dada zangu, wageni kutoka Burundi walipokimbia vita mwaka 1993 na miaka iliyofuata, akina mama wa nyanda hizi waliwapokea wengi. Labda ni kwa sababu wao wenyewe walijua kuacha nyumba kulivyo.

Jungu kuu halikosi ukoko. Jioni ya leo, mkichambua maharage, mwulize mama mkwe wako alihama kutoka wapi na aliacha nini huko. Usiharakishe jibu. Na watoto wawepo wasikie.