Hamali Mkongwe wa Angani

Sisi watu wa pwani twaheshimu chombo kikongwe. Jahazi iliyotiwa kalafati vyema huweza kumpita nahodha wake kwa umri. Ndege hatuipi heshima hiyo. Tukisikia ni kuukuu, twaingiwa na hofu.

Itazameni Boeing 727. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1963, na uundaji ulipokoma mwaka 1984 zilikuwa zimetimia 1,832. Ilizaliwa kubeba abiria. Ilipozeeka, nyingi ziling'olewa viti, ubavu wa kushoto ukakatwa mlango mpana, zikawa hamali. FedEx ya Marekani ilianza kuzitumia mwaka 1978, ikaistaafisha ya mwisho mwaka 2013.

Siri ya kudumu kwake ni hesabu ambayo kila mama mwenye duka aielewa. Ndege mpya ni ghali, haina budi kuruka usiku na mchana ili irudishe fedha. Kuukuu hununuliwa kwa bei nafuu. Hata ikinywa mafuta kupindukia (nayo yanywa kweli), safari chache za usiku zatosha.

Nasi tungojeao dawa ya mzee kutoka kwa mwana aliye Ghuba, twauliza itafika lini tu. Afadhali tuulize pia nani aliyekikagua chombo, kwani nyufa na kutu havionekani kwa mbali. Ndani ya 727 alikaa mtu wa tatu nyuma ya marubani wawili, mhandisi, kazi yake kuangalia injini na mafuta safari nzima. Ndege za siku hizi zimemwondoa, kazi yake ikapewa kompyuta.