Kigunduzi kikipofuka, nani analipa?

Leo tuweke kando hifadhidata, tuzungumzie masanduku ya gesi yanayohesabu vitu visivyoonekana. Msidhani ni mambo ya Ulaya tu. Tarehe 12 Desemba 1970, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilibeba setilaiti iliyoitwa Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilitimiza miaka saba ya uhuru. Macho ya setilaiti hiyo yalikuwa masanduku ya gesi. Yalihesabu eksirei kutoka angani, na orodha yake ya mwisho ikafikia vyanzo 339.

Sanduku lenyewe lina gesi na waya mwembamba wenye volteji kubwa. Mwale ukipita, hubandua elektroni kwenye atomu za gesi. Elektroni hukimbilia waya, na zikikaribia hubandua nyingine nyingi, hadi litokee pigo la umeme. Pigo moja, hesabu moja.

Nyutroni haina chaji, hivyo gesi ya kawaida haiihisi. Kwa miaka mingi imetumika heliamu-3, ambayo ikimeza nyutroni hutoa protoni na tritiamu, na hizo ndizo huanzisha pigo. Lakini kufikia 2009 gesi hiyo ilikuwa adimu mno. Wahandisi wa ILL huko Grenoble, Ufaransa, na ESS huko Lund, Uswidi, wakatengeneza kigunduzi kiitwacho Multi-Grid: vibamba vya alumini vilivyopakwa boroni-10, ndani ya gesi ya bei nafuu.

Kwetu waandika programu, utamu uko kwenye kasi. Fikirieni mkata tiketi mmoja langoni mwa Ngome ya Yesu. Akiinama kumkatia mgeni, wengine wanapita bila kuhesabiwa. Kigunduzi nacho hupofuka kidogo baada ya kila pigo. Kikipofuka kwa maikrosekunde 1, nyutroni 100,000 kwa sekunde kitazihesabu kama 90,900. Zikija 1,000,000, kitahesabu 500,000. Nusu imepotea, na skrini haijalalamika!

Mwaka jana niliitwa kwenye duka moja Mji wa Kale, hatua chache kutoka Ngome. Bidhaa zilikuwa zikipungua bila kuonekana kwenye mauzo, na keshia alikuwa akikatwa mshahara. Dada yule alikuwa na mkono mwepesi. Mashine ililia kila aliposkani, ila programu ilikuwa bado inaandika bidhaa iliyotangulia.

Nikaipima kama wanavyopima vigunduzi: ongeza kasi hatua kwa hatua, linganisha kilichoingia na kilichohesabiwa, tazama mstari unapoanza kupinda. Ulipinda. Nilimwonyesha mwenye duka grafu, na keshia akarudishiwa pesa zake.

Dawa nazo zinafanana. Pale dukani niliweka foleni, ili kila skani ingoje zamu yake. Nyutroni haingoji, kwa hiyo wahandisi hugawa kigunduzi katika vyumba vingi vidogo, kila kimoja na njia yake ya kusomwa. Ni kama kufungua malango kumi badala ya moja. Upotevu unaobaki husahihishwa kwa hesabu, mradi muda wa upofu unajulikana.

Basi, mwenye mfumo unaohesabu chochote aujaribu saa za msongamano, kabla mtu hajalipia upofu wake. Tukutane tena!