Neno la Mama Mwenye Nyumba

Nilifika Rosettenville, kusini mwa Johannesburg, mwaka 2009, nikiwa na maneno manne tu ya Kiingereza ya kusemea moyo: happy, sad, angry, afraid. Ndiyo tuliyokariri sekondari kule Masasi. Simanzi, majonzi, uchungu, jitimai, vyote nilivitia kwenye sad, kama anayebeba unga, chumvi na mafuta ya taa katika kapu moja.

Bibi yangu alifurahi sana kusikia nilikopanga. Alipata kipaimara kwa Trevor Huddleston, askofu wetu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968. Kabla ya hapo padri huyo aliishi Rosettenville, akisimamia shule ya St Peter's, na ndiko alikomtafutia kijana Hugh Masekela tarumbeta yake ya kwanza. "Basi hapo si ugenini," bibi aliniambia kwenye simu.

Alifariki Agosti 2010. Nauli sikuwa nayo. Mama mwenye nyumba, Mreno mzaliwa wa Msumbiji, alinikuta nimejikunyata kwenye ngazi za uani. Nikamweleza kwa maneno yangu machache. Akashika kifua, akasema: "Shame!"

Neno hilo nililijua kwenye kamusi: aibu. Na aibu ndiyo hasa iliyokuwa ikinila, mjukuu nisiyetia mchanga kaburini kwa bibi yangu. Nikaona amenisoma mpaka ndani. Wiki kadhaa nilimkwepa. Hata kodi niliipenyeza chini ya mlango.

Siku moja, pale Rosettenville Corner, nikamwona ameinamia kitoto kilichofungwa mgongoni kwa blanketi. Kitoto kikapiga mwayo. "Shame!" akasema, uso wote umejaa mapenzi, na mama wa mtoto akacheka. Nikasimama palepale. Mtoto mchanga ana aibu gani?

Tangu hapo nikawa nalitegea sikio. Kwenye foleni, ndani ya teksi, watu walimwambia aliyefiwa, aliyeachishwa kazi, aliyekatikiwa kiatu njiani. Lilikuwa pole, lilikuwa masikini, lilikuwa jamani. Nikaacha kukariri orodha. Kila neno jipya la moyo nililiangalia kwanza linasemwa kwa nani, na kwa sauti gani.

Desemba nilimsimulia mama mwenye nyumba yote. Akaziba mdomo kwa kiganja, machozi yakamlengalenga. "Shame," akasema tena, polepole. Jibu la neno hilo kwa Kiingereza sikulijua, nami sikutaka kunyamaza mara ya pili.

"Nimeshapoa, mama," nikamwambia.