Njia ya Bunkeya na Meno ya Tairi

Kila mwaka Wayeke hukusanyika Bunkeya kumkumbuka Msiri, mtawala wao aliyeuawa kwa risasi tarehe 20 Desemba 1891. Mama yangu ni Myeke. Mvua za kwanza zilipoanguka aliniita barazani akasema, "Mwanangu, mwaka huu sitaki kuona picha za wengine katika simu. Tunaenda wenyewe."

Mtu wa Likasi, huku kwetu Kongo, akiambiwa hivyo, jambo la kwanza kumjia kichwani ni njia. Mvua kwetu huanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili, na Desemba huwa imekolea. Kutoka hapa kwenda Lubumbashi, kilomita kama 120, ni lami. Kwenda Kambove pia ni lami. Lakini Bunkeya, iliyo kaskazini yetu chini ya kilomita 100 kwa mstari ulionyooka, huifikii bila kuingia udongoni, na udongo wa Desemba hauna mchezo.

Gari letu ni Land Cruiser ya kubebea mizigo. Wiki nzima hupanda na kushuka Lubumbashi na unga, mafuta na sabuni, na mara chache huingia vijijini. Matairi yake yalikuwa yamechoka, kwa hiyo kununua mapya kulikuwa lazima, safari iwepo isiwepo. Kazi ilikuwa kuchagua. Mjomba, kaka yake mama, ambaye naye alikuwa aje na gari lake, alisema hakuna cha kuchagua: "Chukua ya meno makubwa kama yangu. Potopoto haiulizi bei." Mimi sikuwa na hakika kama yeye, maana maisha ya gari langu yako kwenye lami.

Nilikwenda kwa fundi wa matairi pale Kikula, mzee ambaye mikono yake imekula weusi wa mpira. Aliniwekea matairi mawili ukutani, yote ya saizi ileile, saba na nusu kwa kumi na sita. La kwanza lilikuwa na meno mapana, marefu, yaliyoachana kiasi cha kuingiza vidole viwili katikati. La pili lilikuwa la mchanganyiko: meno ya wastani, yamekaribiana, na juu ya kila jino kuna mikato myembamba kama ya wembe.

"Tia kidole hapa," aliniambia, akiushika mkono wangu na kuupitisha kwenye mikato ile. "Hii ndiyo inakunywa maji ya lami. Sasa gusa hii ingine. Iko laini, haina mikato. Kwenye potopoto meno yake yatakamata na kutupa udongo nje. Kwenye lami yenye maji, utakanyaga freni na motokari itaendelea na safari yake."

Akageuza tairi la tatu, la mtumba, ambalo meno yake yalionekana mazima na bei yake ilikuwa nusu. Alinionyesha ubavuni tarakimu 4 zilizofungiwa katika kiduara kirefu: 2 za kwanza ni wiki, 2 za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tairi lile lilikuwa na zaidi ya miaka 10. Alibonyeza ukucha katika mpira, ukagoma kuingia. Alipolikunja kidogo kwa goti, nyufa nyembamba zikafunguka katikati ya meno. "Mpira ukizeeka unakuwa ubao," akasema. "Ubao haukamati kitu."

Usiku ule nilimpigia ndugu yangu anayeishi Montréal, Kanada, ambaye huendesha gari kwenye theluji kila mwaka. Kule mkoa wa Québec tangu 2008 sheria inalazimisha kila gari dogo kuvaa matairi ya baridi, na sasa kipindi hicho ni kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 15 Machi. Nilimweleza mashaka yangu, akanijibu kwamba na wao wana ubishi wa namna hiyohiyo: tairi la baridi lenye misumari, au lisilo na misumari?

Akanifafanulia. Lile la misumari limepigiliwa vipande vidogo vya chuma vinavyochomoza kidogo tu juu ya mpira. Kwenye barafu tupu, hasa barafu iliyolowa maji pale joto linapokaribia sifuri, misumari huuma na gari husimama. Lile lisilo na misumari hutegemea mpira laini usiokauka kwa baridi, pamoja na mikato mingi kama ile niliyoigusa Kikula. Kwenye theluji iliyoshindiliwa na kwenye lami kavu hufanya kazi vizuri, tena kwa utulivu. Shida ya misumari ni kwamba ikikosa barafu hukwaruza lami yenyewe. Barabara huchimbika mifereji, na vumbi lake huingia katika mapafu ya watu. Ndiyo maana Japani ilipitisha sheria ya kuizuia mwaka 1990, baada ya miji ya kaskazini kama Sendai na Sapporo kulalamikia vumbi hilo, na jiji la Oslo huko Norway huwatoza ada wanaoingia nayo.

"Lakini ngoja nikuambie kitu," akasema. "Ncha ya msumari ule ni kabidi ya tungsteni, na kinachoshikamanisha kabidi ile kwa kawaida ni kobalti."

Nilinyamaza kidogo. Kobalti ndiyo kazi ya mji wetu. Viwanda vya Shituru, vilivyoanza mwaka 1929 wakati wa kampuni ya Union Minière na kurithiwa na kampuni ya Gécamines, vimesomesha nusu ya watu ninaowajua. Zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia hutoka Kongo. Na si msumari peke yake. Nyuzi za chuma zilizo ndani ya tairi hupakwa shaba nyeupe, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki, na chumvi za kobalti huwekwa katika mpira ili ushikane na nyuzi hizo. Tairi la mtu wa Oslo linalosimama salama mbele ya shule lina jasho la mchimbaji ndani yake. Sisi tunaokaa juu ya madini hayo hupanga foleni kununua mpira uliozeeka katika nchi za wengine. Hilo liniume mimi, na liwaume wanaotutawala pia.

Asubuhi nilirudi Kikula nikanunua manne ya mchanganyiko, mapya, na chemba mpya ndani. Mjomba alipoyaona alitikisa kichwa lakini hakunigombeza. Tukaondoka magari mawili, lake mbele na meno yake makubwa yakivuma kwenye lami, langu nyuma, mama kiti cha mbele na kitenge chake kipya magotini.

Hadi Kambove safari ilikuwa ya kawaida: malori ya madini, baiskeli zilizolemewa na magunia ya makaa, mashimo ya kukwepa. Baadaye tukaiacha lami. Udongo ulikuwa mwekundu, na mvua ya usiku ilikuwa imeacha utelezi juu, kina cha kidole au viwili, huku chini kukiwa kugumu. Hapo nilielewa kwa nini madereva wetu wa zamani walipenda tairi jembamba. Tairi jembamba hukata ule utelezi likafika kwenye udongo mgumu. Tairi pana huelea juu yake. Gari langu lilishika njia bila shida, mradi nisikanyage mafuta kwa hasira wala freni kwa hofu.

Mbele kidogo tulikuta mti umelazwa juu ya nguzo mbili za mbao: kizuizi cha mvua. Njia nyingi za udongo nchini mwetu huwekewa vizuizi kama hivyo, ili malori yasipite mvua inaponyesha na saa kadhaa baada yake. Upande wa pili malori yalikuwa yamejipanga, madereva wamekaa chini ya turubai wakila bukari. Mmoja alikuwa akimbembeleza mlinzi amfungulie. Mlinzi, kijana mwenye koti la mvua lililochanika, hakupandisha sauti. "Papa, ukipita leo, kesho hakuna anayepita. Na kesho mama mwenye mimba wa kijiji hiki ndiye atakayepita." Magari madogo yaliruhusiwa. Alituinulia mti, mama akamshukuru kwa Kiyeke, naye akacheka kwa furaha.

Maneno yake yalinikumbusha misumari ya Oslo. Jino linalokusaidia wewe linaweza kuichimba njia ya mwenzako. Mbele tuliona ushahidi: lori moja lililolazimisha kupita siku za nyuma lilikuwa limeacha mitaro miwili iliyofika magotini, na kila gari lililofuata lilikuwa limetafuta upande wa kupitia, mpaka njia ikawa pana kama uwanja na mbovu kote.

Nchi ilianza kushuka kuelekea bonde la Lufira. Udongo mwekundu ukaisha, ukaja mweusi wa mbuga, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kugeuka gundi wakati wa masika. Hapa gari la mjomba lilipata sifa yake. Matairi yalizunguka, yakarusha mabonge ya udongo hadi juu ya bodi, lakini yakapita. Yangu yalizunguka mara chache tu. Mikato ikajaa, meno yakajaa, na tairi lote likawa limepakwa udongo laini pande zote. Gari likasimama katikati ya dimbwi.

Sikukanyaga mafuta zaidi, maana kufanya hivyo ni kujichimbia kaburi. Nilishuka nikapunguza upepo, kutoka kilo mbili na nusu hadi kilo moja na nusu katika kila tairi. Tairi likikosa upepo kidogo hutandaza unyayo wake, uzito wa gari ukagawanyika juu ya eneo kubwa zaidi, na ubavu wake hujikunja na kuudondosha udongo ulioganda. Vijana wa kijiji wakaja na matawi, mjomba akafunga kamba. Kwa gia ya chini kabisa na mwendo wa taratibu tulitoka. Mama hakutamka neno mpaka tulipofika pakavu, kisha akasema, "Wapagazi wa Stairs walipita nchi hii kwa miguu, na mvua ileile."

Alisema kweli. Msafara wa kapteni William Stairs, mzaliwa wa Halifax, Kanada, ulitoka Zanzibar katikati ya mwaka 1891, ukaingia Bunkeya Desemba, mvua na njaa zikiwa zimewachosha wapagazi, wengi wao Wazanzibari. Msafara huo ulitumwa kumtwalia mfalme Léopold wa Ubelgiji nchi yenye shaba. Msiri, ambaye baba yake Kalasa alitoka Unyamwezi, alikataa kuisalimisha, na afisa mmoja wa Kibelgiji, Bodson, akampiga risasi. Shaba iliyowaleta ndiyo iliyojenga mji wetu, uliokuja kuitwa Jadotville kabla haujarudia jina la Likasi.

Bunkeya tulifika na matope hadi kwenye vioo. Mama alikuta binamu ambao hakuwa amewaona tangu ujana wao. Ngoma, ngozi za chui, mavazi ya wazee na nyimbo za vita, yote aliyatazama amesimama, hata alipoletewa kiti. Hayo yana habari yake, na mwenye haki ya kuyasimulia ni yeye.

Kurudi, mvua ilitukuta tukiwa tumeshapanda lami. Kabla ya kupanda nilikuwa nimejaza upepo tena kwa pampu, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo likienda kasi kwenye lami hupata joto na kupasuka. Mjomba alitangulia kama kawaida. Katika mteremko mmoja mbuzi waliruka njiani. Akakanyaga freni, na nikaona kwa macho yangu yale aliyosema fundi wa Kikula: magurudumu yalisimama, gari halikusimama. Liliteleza kiubavu, likavuka mstari wa kati, likatulia kwenye nyasi za upande wa pili. Lori lililokuwa likija lilikuwa bado mbali, Mungu ashukuriwe. Mimi nyuma yake nilifunga freni na gari likasimama palepale nilipolitaka.

Mjomba alishuka, akayapiga teke matairi yake, akaniambia, "Yako yamekwama bondeni. Yangu yamekataa kusimama hapa. Bora kukwama."

Tangu siku ile nimeulizwa na wengi pale mjini ni tairi gani la kununua kabla ya mvua, na jibu langu ni hili. Kama riziki yako iko Mitwaba, Bunkeya au migodini, na lami unaigusa siku moja moja, nunua meno makubwa, ila kwenye lami yenye maji punguza mwendo kuliko wengine wote. Kama wewe ni mtu wa barabara ya Lubumbashi na Kolwezi, na udongoni huingia mara chache, nunua la mchanganyiko, beba pampu, kamba na koleo, na ujifunze kupunguza na kujaza upepo. Vyovyote utakavyochagua, soma zile tarakimu 4 ubavuni na upime kina cha meno. Ulaya kikomo cha kawaida ni milimita 1.6, na Norway wakati wa baridi hudai 3. Utelezi wetu haustahili chini ya hapo. La mtumba lililokakamaa liache dukani hata likiwa bei ya bure, na ukikuta kizuizi cha mvua kimefungwa, zima mashine ungoje na wenzako.