Kutoka Kawangware 46 Hadi Masjala ya Kibera

Matatu namba 46 hutoka katikati ya Nairobi, ikapita Hurlingham na Yaya, penye majumba ya ghorofa na kuta zilizofunikwa maua, na abiria asiyeijua njia hudhani kwamba mtaa wote huo utaendelea hivyo hadi mwisho. Kisha barabara hubanana. Mabati huchomoza pande zote mbili, moshi wa mahindi ya kuchoma huingia dirishani, na utingo hupiga ubavu wa gari kuwaambia watu washuke. Hapo ndipo Kawangware 46. Namba ya gari imegeuka kuwa jina la mahali, na mkazi wake ukimwuliza anakaa wapi hujibu "Foti Siksi" bila kuongeza neno.

Msomaji wa Mombasa au Lamu asidhani kwamba huko ni ugenini mtupu. Katika vichochoro vya Gatina na Congo, nyuma ya maduka ya Barabara ya Naivasha, wamo watu wetu: fundi cherehani aliyekuja kwa kazi ya mwaka mmoja akakaa ishirini, binti aliyeolewa na mfanyabiashara wa bara, mama anayeuza viazi karai na mbaazi jioni. Hodi ni ileile na chai ya tangawizi ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba jamaa wako mbali, na mume akifa, mwanamke hujikuta miongoni mwa watu wa mume peke yake.

Mwaka jana nilikwenda huko kumpa mkono wa tanzia binti wa jamaa yetu, ambaye jina lake nitalihifadhi. Nilimkuta amekaa eda, na watoto wake watatu wako karibu naye. Marehemu aliacha kiwanja kidogo chenye vyumba vya kupangisha, mali ya kawaida katika Kawangware, ambayo kodi yake ndiyo iliyokuwa ikiwalipia watoto karo. Nilipouliza habari za mirathi, alinijibu kwa utulivu kwamba shemeji yake alimwambia asijisumbue, mambo ya mahakama yameshashughulikiwa.

Neno hilo, "yameshashughulikiwa", ndilo lililonifanya niandike makala haya. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Sheria ya Urithi ya Kenya, kwa upande wake, hutaka ombi la kusimamia mali ya marehemu litangazwe, na watu wapewe muda usiopungua siku 30 wa kuleta pingamizi. Hesabu hizo mbili hazikuwekwa na mtu mmoja, wala hazijuani. Mwanamke anaweza kutimiza ibada yake kwa ukamilifu, akatoka eda akiwa amevaa nguo safi, akakuta muda wa kupinga ulikwisha zamani.

Lakini tangazo hilo halifichwi. Huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali ya Kenya, ambalo kwa kawaida hutoka kila Ijumaa. Mtu hahitaji tena kwenda kwa Mpiga Chapa wa Serikali kulinunua, kwa kuwa matoleo yake husomwa bure katika tovuti ya Kenya Law, yaani Baraza la Taifa la Kuripoti Sheria. Ndani yake mna safu ndefu za majina: namba ya shauri, jina la marehemu, mahali alipokuwa akiishi, siku aliyofariki, na jina la aliyeomba usimamizi. Si usomaji wa kupendeza. Tulikaa na simu ya mwanawe mkubwa, tukapekua toleo baada ya toleo, tukiandika jina la marehemu kwa kila namna linavyoweza kuandikwa, kwa maana majina yetu hupotoshwa sana na wachapaji. "Abdallah" huwa "Abdalla", "Mwanaisha" huwa "Mwanaesha", na wakati mwingine jina la babu huja mbele. Tulilipata. Mwombaji alikuwa shemeji peke yake, mahakama ilikuwa ya Hakimu Mkuu, Kibera, na siku zilizopita zilikuwa kumi na tisa.

Hapo likaja swali la kutoka nyumbani. Wanazuoni wengi wanamruhusu mwenye eda kutoka mchana kwa haja ya lazima, na kulala kwake. Hata hivyo, hakutaka kuchukua uamuzi mwenyewe, akamwuliza shekhe wa msikiti wa jirani, akapewa ruhusa. Nalitaja hili kwa sababu najua wako dada zetu wanaoacha haki zao zipotee kwa kuogopa swali ambalo hawakuliuliza.

Kutoka Kawangware kwenda Kibera si safari ndefu. Unaifuata Barabara ya Ngong, ukashuka upande wa soko la Toi, penye vilima vya mitumba na wauza viatu wanaoita wateja kwa nyimbo, kisha unakwenda kwa miguu. Mtaa wa jirani ni Makina, wenye msikiti wake mkongwe, na hapo mgeni Mwislamu huanza kujisikia nyumbani. Wanubi wa Kibera, wazao wa askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Waingereza, walikaa hapo tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini, wakati Kibera bado ilikuwa msitu. Jina lenyewe, Kibra, katika lugha yao lina maana ya msitu. Kwa zaidi ya miaka mia waliishi katika ardhi ambayo hawakuwa na karatasi yake, hadi Juni 2017 walipokabidhiwa hatimiliki ya jamii ya ekari 288. Niliwaza habari hiyo tukipita Makina. Wazee wale walijua kila mti na kila kaburi la mahali pale, na bado ujuzi huo haukuwafaa kitu mbele ya serikali mpaka ulipoandikwa.

Mahakamani, chumba kinachotafutwa ni masjala. Watu wengi huingia lango la mahakama wakidhani ni lazima wamwone hakimu, na kwa hofu hiyo hawaingii kabisa. Masjala ni mahali pa makarani na mafaili, na lugha yake kubwa ni namba. Jina la marehemu peke yake litamfanya karani atafute kwa muda mrefu, lakini namba ya shauri na mwaka wake hufungua mlango mara moja. Ndiyo maana Gazeti lile lina thamani: humpa mwanamke namba bila kumwomba shemeji.

Ombi ni moja, nalo ni kusoma faili. Hulipiwa ada ndogo, na malipo ya mahakama hufanywa kwa njia rasmi ya simu au benki, yakatolewa risiti. Nje ya malango ya mahakama nyingi hawakosekani vijana wenye suti wanaojitolea "kuharakisha". Mwenye risiti hana haja nao. Aliyetajwa katika shauri, au mwenye maslahi ndani yake, hatakiwi kuwa na wakili ili asome. Asiyehusika huenda akatakiwa kuandika barua fupi ya kueleza sababu. Faili husomwa hapohapo, mbele ya karani, wala halitoki. Ukitaka karatasi za kwenda nazo, unaomba nakala zilizothibitishwa, zenye muhuri.

Basi ni kitu gani cha kutazama katika faili la mirathi? Nitasema kwa kirefu kidogo, kwa kuwa hapa ndipo wanawake hupotezwa. Kwanza ni barua ya chifu, inayowataja warithi. Chifu huandika alivyoambiwa na waliomwendea, na aliyekaa ndani kwa eda si miongoni mwao. Pili ni hati ya kiapo ya mwombaji, fomu namba 5, ambayo inapaswa kuwataja wote waliobaki nyuma ya marehemu pamoja na mali yake. Soma majina ya watoto kimoja kimoja. Soma orodha ya mali pia, kwa sababu kiwanja kisichoorodheshwa hakipotei kwa bahati mbaya. Tatu ni fomu ya ridhaa, namba 38, ambayo warithi wenye haki sawa hutia sahihi kukubali mwombaji awe msimamizi.

Katika faili tulilolisoma, watoto waliotajwa walikuwa wawili. Mdogo kabisa hakuwamo. Na kwenye fomu ya ridhaa, mbele ya jina la mjane, palikuwa na sahihi safi, ya mkono uliozoea kuandika. Binti huyu sahihi yake ni jina lake la kwanza kwa herufi kubwa, kama alivyofundishwa madrasa. Aliitazama kwa muda, akamwuliza karani kwa upole kama anaweza kupata nakala.

Aliweka pingamizi zikiwa zimebaki siku nne. Shauri lingali linaendelea, wala sitalisema zaidi.

Kwa aliyechelewa, mlango haujafungwa wote. Hati ya usimamizi ikishatolewa, kwa kawaida hupita miezi sita kabla ya kuthibitishwa na mali kugawanywa. Linganisha na eda: miezi minne na siku kumi huisha kabla ya miezi sita, hata kama hati ilitoka siku ileile ya msiba, jambo lisilowezekana. Kuna nafasi. Na hata baada ya kuthibitishwa, sheria inaruhusu hati ifutwe ikiwa ilipatikana kwa udanganyifu au kwa kuficha jambo muhimu. Ila kufuta ni kazi nzito kuliko kuzuia, na kiwanja kilichouzwa hakirudi upesi.

Msomaji atauliza: kwa nini mirathi ya Mwislamu ilikuwa kwa hakimu badala ya kwa kadhi? Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010 inazipa mahakama za Kadhi mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kuamuliwa huko. Sisi wa pwani tumezizoea tangu enzi ya Usultani, zikahifadhiwa katika makubaliano ya 1963 baina ya Kenya na Zanzibar, na kwa sheria ya 1967 zikawekewa utaratibu wa nchi nzima. Lakini hakuna anayelazimishwa, na wengine huenda kwa hakimu au Mahakama Kuu, ama kwa kutojua, ama kwa kuwa huko hawajulikani. Kwa hiyo kutoliona jina Gazetini si dalili tosha kwamba hakuna shauri. Ulizia pia masjala ya Kadhi. Na popote shauri lilipo, mali ya marehemu Mwislamu hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu, na mjane mwenye watoto ana thumni yake. Kabla ya thumni huja madeni, na mahari ambayo hayajalipwa ni deni. Cheti cha ndoa kinachoyataja mahari kiwekwe pamoja na vitambulisho, si chini ya godoro.

Kuona haya kwenda mahakamani si tabia ya wanawake wa pwani, ingawa tunapenda kujisifu kwayo. Mwanaanthropolojia Susan Hirsch alikaa katika mahakama za Kadhi za pwani ya Kenya na kutoa kitabu mwaka 1998. Aliona kwamba walioleta mashauri mengi ni wanawake, na aghalabu walishinda. Mabibi zetu walijua njia ya kwenda kwa kadhi.

Siku hizi sehemu ya njia hiyo hupita mtandaoni. Nairobi ilianza kuwasilisha mashauri kwa mtandao Julai 2020, na mwaka 2024 utaratibu huo ukaenezwa nchini kote. Orodha ya mashauri ya kila siku hutolewa mtandaoni, na hukumu nyingi za mahakama za juu husomwa bure katika tovuti ya Kenya Law. Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Juni 2025 juu ya urithi wa watoto waliozaliwa nje ya ndoa, katika shauri lililoanzia Mombasa, ilizungumzwa mabarazani kwa majuma mengi. Nilimwuliza kila aliyenipa maoni yake kama ameisoma. Nilipata mmoja.

Si kila faili liko wazi, na ni vizuri hivyo. Mashauri ya watoto, ya kuasili, na ya waliodhulumiwa kingono hulindwa, na majina hufichwa kwa herufi. Kwa mengine, Ibara ya 35 ya Katiba inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na sheria ya 2016 inataka ombi lijibiwe ndani ya siku 21. Likipuuzwa, malalamiko hupelekwa Tume ya Haki ya Utawala. Ombi liandikwe, na nakala yenye muhuri wa kupokewa ibaki kwako.

Kwa asiyeweza kumlipa wakili, FIDA-Kenya, chama cha mawakili wanawake kilichoanzishwa 1985, huwasaidia wanawake bila malipo, nacho kina ofisi Mombasa pia. Kituo cha Sheria, kilichoanza 1973, hufanya kazi kama hiyo. Na kwa jamaa aliyeko pwani mwenye ndugu aliyefiwa bara, usingoje akumalizie eda. Mwombe jina kamili la marehemu, namba ya kitambulisho chake na siku aliyofariki, kisha kila Ijumaa jioni fungua Gazeti, umtafute.